Malengelenge ya sehemu za siri ugenini: mwongozo kamili kwa mgeni anayeishi Dar es Salaam

Umetoka Mombasa, Bukavu, Bujumbura au Moroni, umepata kazi au biashara Dar es Salaam, na kuna jambo moja hujamwambia mwenyeji wako: una herpesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri. Mwongozo huu ni wako. Humu hakuna mahubiri wala pole. Kuna pa kwenda, cha kuomba, cha kusema na cha kuacha.

Mimi nashinda nyuma ya kaunta ya famasi jijini hapa. Mgeni mwenye shida hii namtambua kabla hajafungua mdomo. Anasubiri wateja wote waondoke, ananunua panadoli asiyoihitaji, halafu ndipo anainama na kunong'ona. Kwa watu hawa nimeona kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo, ila ugenini unaukuza. Kwenu ulikuwa na daktari anayekujua na ndugu wa kumtuma dukani. Hapa vidonda vinaamka Jumamosi usiku na hujui hata famasi gani iko wazi mtaani. Karibu kila ninachoandika hapa chini ni maandalizi ya usiku huo.

Kwanza ujue hauko peke yako. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa 2024 yanasema watu milioni 846 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana maambukizi haya sehemu za siri, zaidi ya mtu 1 kati ya kila 5. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona kidonda au walikiona wakadhani ni fangasi.

Kirusi kina aina mbili. Aina ya 1 ndiyo hasa hutoa vile vidonda vya mdomoni ambavyo watu wakiviona husema "malaria imetoka", kwa kuwa homa yoyote kali huweza kuviamsha. Mtu anapanda daladala na midomo imevimba hivyo, abiria wenzake wanampa pole. Kirusi hichohicho kikihamia chini kwa ngono ya mdomo, pole inageuka aibu. Aina ya 2 hukaa zaidi sehemu za siri. Zote mbili hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kulala humo maisha yote, zikiamka na kulala tena. Dawa ya kuziondoa kabisa haijapatikana, wala chanjo, ila dawa ya kuzituliza ipo na si ghali.

Kabla hujafunga begi

Kama bado uko kwenu, muulize daktari wako una aina gani. Aina ya 2 hurudi mara nyingi zaidi, kwa wastani mara nne hivi katika mwaka wa kwanza, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Aina ya 1 ikiwa sehemu za siri hurudi kwa nadra. Kuna wanaopata mara moja kwa mwaka, na kuna ambao haiwarudii tena. Ukijua aina yako utajua ubebe dawa kiasi gani, na pia utajua cha kumwambia mpenzi siku ikifika.

Omba karatasi yenye jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, kipimo, saini na muhuri. Dawa yenyewe ni asiklovia, ambayo kwenye boksi imeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Hata karatasi yako ikiwa ya Kifaransa kutoka Kongo au Burundi, jina hilo mfamasia wa hapa analisoma bila shida.

Kisha beba dawa ya awamu mbili, yaani ya kutosha vidonda vikirudi mara mbili. Hesabu yake ni rahisi. Kwa vidonda vilivyorudi, dozi inayotumika sana ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5. Kama vidonge vyako ni vya miligramu 200, hivyo ni viwili kwa mara moja, sita kwa siku, 30 kwa awamu. Awamu mbili ni 60. Viache ndani ya boksi lake, na usiviweke kwenye mfuko wa plastiki wa dukani: mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na si busara mzozo wako wa kwanza na afisa mpakani uwe juu ya mfuko wenye dawa hii. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii. Dozi yake hupunguzwa, na anayeipunguza ni daktari.

Kuhusu vibali, tulia. Herpesi haimo kwenye masharti ya kibali cha ukaazi wala cha kazi.

Wiki ya kwanza: tafuta duka kabla ya kidonda

Dar kuna maduka ya dawa ya aina mbili, na wageni huyachanganya. Lipo duka la dawa muhimu, dogo, karibu kila kona ya uswahilini, linaloruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa. Na ipo famasi, iliyo chini ya usimamizi wa mfamasia, yenye kibali cha Baraza la Famasi ukutani. Unachotafuta ni famasi. Tembea mtaani kwako, iwe Sinza, Mbagala, Kigamboni au Tabata, utafute mbili: moja ya karibu, na nyingine inayofungwa usiku sana au isiyofungwa kabisa. Ingia ukiwa mzima, uliza kama wana vidonge vya asiklovia, tazama wanavyokujibu. Dada wa kaunta akirudia jina la dawa kwa sauti ya mnadani, kanunue kwingine.

Namna ya kuomba ina uzito wake. Wageni kutoka Kenya hasa huingia na shida mkononi kabla ya salamu, na hapo wameshaanza vibaya. Salimia kwanza. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Kisha sema hivi: "Dada, naomba vidonge vya asiklovia, miligramu 200, dozi ya siku tano." Basi. Huna haja ya kutaja ugonjwa. Kama hutaki hata kutamka, mwoneshe karatasi ya daktari au jina uliloliandika kwenye simu. Na kama una maswali, ukisema "naomba tuzungumze pembeni" utaeleweka, maana wateja hutuambia hivyo kila siku kwa mambo ya kila namna.

Ukiomba tu "dawa ya malengelenge" uwezekano ni mkubwa utapewa dawa ya kupaka, tyubu ndogo. Kwa sehemu za siri hiyo inasaidia kidogo mno. Rudisha, omba vidonge.

Vidonge utapewa aghalabu kwenye bahasha ndogo ya karatasi, juu yake pameandikwa kwa kalamu 2x3, maana yake viwili mara tatu kwa siku. Hakikisha kilichoandikwa kinafanana na karatasi yako. Omba uone tarehe ya kwisha muda iliyo kwenye pakiti kabla hazijakatwa. Na kwa joto la Dar, usiache dawa kwenye gari wala juu ya friji panapotoka mvuke wa moto. Kabatini panatosha.

Tafuta na daktari pia. Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa upande wa Ilala, ya Temeke kwa upande wa Temeke, na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni. Wakazi wa Sinza wana hospitali yao ambayo wenyeji huiita Palestina. Muhimbili, pale Upanga, ni ya taifa, na kwa jambo dogo kama hili foleni yake haina sababu. Za binafsi ni nyingi, kuanzia Aga Khan hadi Kairuki ya Mikocheni. Popote utakapokwenda, mapokezi watakuuliza unasumbuliwa na nini, na watu wamejaa nyuma yako. Jibu: "Nina shida ya ngozi, nitamweleza daktari." Inatosha kufungua faili.

Kama ndiyo mara ya kwanza, na hujui ni nini

Hapa usijitibu. Mara ya kwanza ya herpesi ndiyo nzito kuliko zote. Siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa unaweza kupata homa, kichwa, mwili kuuma, mitoki kwenye kinena, na mkojo unaochoma unapopita kwenye vidonda. Bila dawa huweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Mgeni mwenye homa Dar hukimbilia kupima malaria, na ni sawa apime, lakini kipimo kikisema hakuna malaria na chini kunawaka moto, mwambie daktari habari nzima. Ukimwachia nusu, atatibu nusu.

Vidonda vya sehemu za siri si vyote herpesi. Kaswende huanza na kidonda ambacho mara nyingi ni kimoja, kigumu pembeni, tena hakiumi, na kwa kuwa hakiumi watu hukiacha. Herpesi ni vilengelenge vidogo vilivyokaa kundi, vinavyopasuka na kuuma. Lakini kwa macho tu hata daktari anaweza kukosea, ndiyo maana vituo vyetu hutibu kwa kuangalia dalili na kufunika zaidi ya ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Ukichomwa sindano ya penisilini makalioni na ukaandikiwa asiklovia juu yake, daktari hajachanganyikiwa. Anaziba njia ya kaswende.

Kipimo bora ni cha kuchukua majimaji ya kidonda kikiwa kibichi, ndani ya siku mbili za mwanzo. Kikishakauka umechelewa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na hizo huweza kuchukua hadi wiki 12 kuonekana, kwa hiyo ukipima wiki moja baada ya tukio, jibu la "huna" halina maana. Hata likija jibu la "unayo" ya aina ya 1, haliwezi kukuambia iko mdomoni au chini. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, hela hiyo ni afadhali ailipie kipimo cha VVU na cha kaswende.

VVU upime, mara hii na baadaye. Mwenye aina ya 2 ana hatari mara tatu hivi zaidi ya kuambukizwa VVU akikutana nacho, kwa sababu ngozi iliyochubuka ni mlango, na hata ngozi iliyopona huwa na chembe za kinga ambazo VVU huzipenda. Kama mazingira yako yana hatari hiyo, uliza kituoni kuhusu dawa kinga ya VVU. Na kidonda cha herpesi kilichogoma kupona zaidi ya mwezi ni sababu tosha ya kwenda kupima kesho asubuhi.

Dozi ya mara ya kwanza ni ndefu: miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Kwa vidonge vya 200, ni 60.

Dalili hizi hazisubiri asubuhi: umeshindwa kabisa kukojoa, kichwa kinauma sana huku shingo imekakamaa na mwanga unakuumiza, au jicho limekuwa jekundu na linauma. Chukua bajaji au teksi uende hospitali usiku huohuo.

Siku herpesi inapoamka

Wengi hupata onyo. Mwasho, ganzi, kuchoma kama sindano, au maumivu yanayoshuka pajani na makalioni, saa chache au siku moja kabla ya kilengelenge kuonekana. Hapo ndipo dawa hufanya kazi yake. Ukianza ndani ya saa 24 awamu hufupika, pengine vidonda visitokee kabisa. Ukisubiri siku ya tatu "uone kama itaondoka yenyewe", dawa utaimeza na vidonda vitamaliza muda wao vilevile. Ndiyo maana nasisitiza vidonge viwe ndani ya nyumba. Wateja wanaonijia siku ya nne ni wengi kuliko wa siku ya kwanza, na sababu karibu yote ni aibu ya kwenda dukani.

Kunywa maji ya kutosha na vidonge hivyo. Paracetamol kwa maumivu. Kama mkojo unachoma, mwaga maji ya uvuguvugu juu ya sehemu hiyo huku unakojoa, kopo moja linatosha. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ukae ndani yake dakika chache, hutuliza. Kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua.

Joto la hapa haliamshi kirusi kwa lenyewe, ila jasho na msuguano vinachokoza. Jinzi ya kubana, basi la mwendokasi la saa moja asubuhi mmesimama mmebanana, kiti cha bodaboda kutoka Mbezi hadi Posta: ngozi yenye vidonda haipendi hata kimoja. Siku hizo vaa chupi ya pamba isiyobana, suruali pana au gauni, na ukirudi nyumbani jifunge kanga au msuli bila kitu ndani. Usinyoe kwa wembe mpaka ngozi ifunge.

Vya kutopaka: spiriti, dettol kavukavu, dawa ya meno, shabu, maji ya betri (ndiyo, nimeulizwa). Vidonda vinakauka kwa nje na vinaungua kwa ndani.

Sasa choo. Wengi wenu mtaanzia chumba cha kupanga kwenye nyumba yenye wapangaji wanne au sita na choo kimoja uani. Mtu anaacha kuoga nyumbani kwa hofu ya kumwambukiza mama mwenye nyumba. Acha hofu hiyo. Kirusi hiki hupita ngozi kwa ngozi, na nje ya mwili hakidumu. Hakiambukizwi kwa choo, ndoo, kopo, kiti wala maji. Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa vidonda, usijishike macho kabla ya kunawa, na taulo lako liwe lako. Chupi anika juani kama watu wote. Ukizificha chumbani zikapata ukungu utajiongezea fangasi bure.

Ngono simamisha tangu mwasho wa kwanza hadi ngozi imefunga kabisa, magamba yametoka. Hata kwa kondomu.

Vidonge vya kila siku

Kama inarudi mara sita au zaidi kwa mwaka, au mara chache lakini kwa ukali, au una mpenzi asiye nayo, zungumza na daktari kuhusu kumeza kila siku: asiklovia miligramu 400 mara mbili. Kwa vidonge vya 200 hivyo ni vinne kwa siku, 120 kwa mwezi, uviweke kwenye bajeti kama unavyoweka luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Valasiklovia, ndugu ya asiklovia, humezwa mara moja kwa siku na ina utafiti mzuri wa wapenzi: kwa aina ya 2 hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzako kwa karibu nusu. Ni ghali zaidi na si kila famasi inayo, hivyo agiza kabla hazijaisha. Baada ya mwaka mmoja, simamisha kwa ushauri wa daktari uone hali imefikia wapi. Watu wengi hukuta kirusi kimechoka.

Kumwambia mpenzi

Watu hufika kaunta wakiuliza dawa, lakini swali lenyewe ni hili.

Anza na ukweli usiopendeza: herpesi huweza kuambukizwa hata siku ambayo huna kidonda. Kirusi hutoka kwenye ngozi kimyakimya siku kadhaa za mwezi, hasa aina ya 2 katika mwaka wa kwanza. Kondomu hupunguza sana lakini haifuniki ngozi yote. Kwa hiyo kukaa kimya kwa hoja ya kwamba "sasa hivi sina kitu" hakumlindi mtu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipimo vya kawaida vya wachumba, vile vya kabla ya ndoa ambavyo makanisa na familia nyingi huulizia, ni vya VVU na mara nyingine kaswende na homa ya ini. Herpesi haimo. Mwenzako akikuambia "nimepima, niko safi," hasemi uongo, ila kuhusu herpesi hajui chochote. Huenda naye anayo. Ukilijua hili, mazungumzo yanakuwa ya watu wawili sawasawa badala ya mshtakiwa na hakimu.

Mahali: si kitandani, si taa zikiwa zimezimwa, na tafadhali si kwa ujumbe wa simu, maana skrinishoti haifutiki. Matembezi ya jioni Coco Beach, mnakula mihogo, yanatosha. Kuna kelele za watu na upepo wa bahari, hakuna anayesikiliza, na anayetaka kuondoka ana njia. Wakati: kabla ya ngono ya kwanza, ila si siku ya kwanza ya kujuana. Hujui bado kama mtu huyo anajua kutunza neno.

Maneno yawe machache:

"Kuna jambo la afya yangu nataka ulijue kabla hatujafika mbali. Nina kirusi cha herpesi. Ni kile cha vidonda vya mdomoni au ndugu yake, mimi hunitokea chini, mara mbili tatu kwa mwaka. Nina dawa, na kuna namna ya kukulinda. Sitaki unijibu leo. Uliza unachotaka."

Badilisha yawe yako, ila liache lile la "sitaki unijibu leo". Mtu akilazimishwa kujibu papo hapo hujibu kwa woga.

Maswali yatakuja. "Ulipata kwa nani?" Mara nyingi hutajua, na huna deni la jina. Kirusi huweza kulala miaka kabla ya kidonda cha kwanza, kwa hiyo vidonda vipya ndani ya ndoa ya zamani si ushahidi wa kuchepuka. Nimeona nyumba zikivunjika kwa kutolijua hilo. "Tutazaa?" Ndiyo, nitalieleza chini. "Utapona?" Hapana, ila itapoa.

Akikataa, amekataa. Inauma, na Dar ina watu wengi. Akikubali, mkae na utaratibu: hakuna ngono siku za mwasho na vidonda, kondomu siku nyingine, vidonge vya kila siku kama mnaafikiana, na yeye apime VVU na kaswende pamoja nawe.

Faragha yako mjini

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwajiri wako hana haki ya kuletewa faili lako. Lakini sheria haizibi mianya midogo, na hiyo ndiyo humtoboa mtu.

Kama kazini unarudishiwa hela za matibabu, kumbuka risiti ya famasi huweza kubeba jina la dawa, na anayeipokea ni mhasibu anayekula nawe chakula cha mchana. Kwa dawa ya bei hii, lipa mfukoni na risiti uitupe. Kama ni bima ya kadi, soma kipengele cha magonjwa uliyokuja nayo kabla ya kuitegemea kwa vidonge vya kila mwezi.

Mwanya mwingine ni laini yako ya simu. Imesajiliwa kwa jina lako, na mtu yeyote akijaribu kuitumia pesa namba hiyo, jina linatokea kwenye skrini. Kwa hiyo ukitafuta kikundi cha watu wenye hali kama yako, ujue namba yako ni sawa na kitambulisho. Mimi ningemchagua mtu mmoja tu wa kumwambia, nesi au rafiki aliyewahi kutunza siri yako nyingine, nikaachana na vikundi.

Na mabango kwenye nguzo za umeme, yanayotibu nguvu za kiume, kesi mahakamani na "magonjwa sugu ya zinaa" kwa namba moja ya simu? Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kinatibu hadi ukimwi, kwa hiyo sikushangai ukishawishika. Ila herpesi hupoa yenyewe kila baada ya awamu, na mganga atakayekukuta wiki ya pili atachukua sifa na hela kwa kazi ambayo mwili wako umeifanya.

Ukipata ujauzito

Siku ya kwanza ya kliniki mwambie mkunga, hata kama vidonda vilikutoka mara moja tu miaka mitano iliyopita. Mtoto hupata herpesi kwa nadra, lakini akiipata ni hatari kwa maisha yake. Hatari kubwa iko kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya mimba, kwa sababu mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga ya kumpa mtoto. Mama aliyekuwa nayo tangu zamani hatari yake ni ndogo sana, na wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Daktari anaweza kukuanzishia asiklovia kuanzia wiki ya 36, na kama uchungu umeanza huku kuna vidonda au mwasho, upasuaji ndio salama. Baba mwenye herpesi na mama asiye nayo: miezi mitatu ya mwisho msishiriki ngono kabisa, ya mdomo ikiwemo. Mgeni yeyote mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, awe bibi, awe shangazi, awe nani. Anayeona aibu kulisema hilo amwachie mkunga alisema.

Ukisafiri kwenda nyumbani

Basi la kwenda Bujumbura au Nairobi ni saa nyingi za kukaa kitako kwenye joto, na safari yenyewe, kukosa usingizi na uchovu ni katika vitu ambavyo wagonjwa wengi husema huwaamshia vidonda. Weka awamu moja ya vidonge kwenye mkoba unaokaa nao mapajani. Begi la kwenye buti hulifikii kabla ya mpaka. Vaa nguo pana, beba chupa ya maji, na shuka kila basi linaposimama. Kama safari iliyopita ilikuamshia, muulize daktari kuhusu kumeza vidonge vya kila siku kuanzia siku chache kabla ya kuondoka. Na dawa inunue Dar wiki moja kabla, kwenye famasi yako uliyoizoea, ili wakisema imeisha uwe na muda wa kwenda ile ya pili.